Kapata Division One, aende advansi (form five na six) mpaka chuo kikuu au aende akajifunze ufundi? Maswali yanayojirudia kila matokeo yakitoka

Kila Januari NECTA, baraza la mitihani, wakishaachia matokeo ya form four simu yangu inaanza kuita, wazazi, watoto wenyewe, mara anko wa mtoto, na maswali ni yaleyale. Mi ni fundi umeme, nilipata one olevo (form four) nikaenda technical badala ya form five, mama yangu hakunisemesha wiki mbili, digrii nikaja kuichukua baadae nikiwa tayari nafanya kazi. Kwahiyo sina upande wa kutetea, nimekaa kote. Humu nimekusanya ninayoulizwa sana, na naongelea Tanzania Bara zaidi, wa Visiwani mna swali lenu kule chini (la 21).

## MAMBO YA MWANZO

1. Mtoto ana akili, kwanini hata tunajadili mambo ya ufundi?

Kwasababu yeye kauliza. Mara nyingi wazo halijatoka kwa mzazi, limetoka kwa mtoto ambaye tangu darasa la tano anafungua redio za watu, na sasa kapata one ya 12 watu wote wanamwambia hongera PCM hiyo (fizikia, kemia, hesabu), yeye moyoni anataka kuingia karakana. Division one ni pointi 7 mpaka 17, inakuonyesha mtoto anaweza kusoma akaelewa. Anataka kuamka saa kumi na mbili asubuhi akafanye nini miaka 30 ijayo, hilo cheti hakijui.

Ila na mimi nisiwe mnafiki. Kama anataka udaktari, sheria, uhasibu wa juu, utafiti, hapo hamna mjadala, aende advansi. Udaktari ni miaka mitano plus mwaka wa intaniship, na njia yake iliyonyooka ni PCB (fizikia, kemia, baiolojia). Mjadala wa ukurasa huu ni wa yule anayependa umeme, magari, mitambo, ujenzi, majokofu, kompyuta, vitu ambavyo vina mlango wa karakana na mlango wa lekcha vyote viwili.

2. VETA, technical na chuo kikuu tofauti yake ni nini haswa?

Hili ndo swali la muhimu kuliko yote humu na ndo watu hawaliulizi, wanadhani kuna njia mbili tu, kumbe zipo tatu.

Ya kwanza, advansi miaka miwili alafu chuo kikuu, uhandisi kwa mfano ni miaka minne, jumla sita. Mlango wa digrii wanausimamia TCU, ndo tume ya vyuo vikuu.

Ya pili, vyuo vya ufundi vya kati, hivi wazee bado wanaita technical: DIT pale Dar (zamani Dar Tech), Arusha Technical, MUST Mbeya wana diploma pia, Chuo cha Maji, NIT Mabibo kwa mambo ya usafirishaji. Unaingia na form four yako, unaanza NTA level 4 (NTA ni ngazi za tuzo za ufundi), ya 5, unamaliza na ya 6 ambayo ndo diploma, miaka mitatu. Wengi wanataka fizikia, hesabu na kemia ziwe zimepita.

Ya tatu, VETA yenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, hapa vyeti vinaitwa NVA (tuzo za taifa za ufundi stadi) ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila ngazi kama mwaka. Hapa ni mikono hasa, darasani unakaa kidogo karakana unakaa sana. Zamani mtu alikua anasema nina grade three, grade one, ndo mfumo wa trade test uliokuwepo kabla.

Ya pili na ya tatu zote zipo chini ya NACTVET siku hizi, ndo baraza linalosimamia elimu ya ufundi, lakini ngazi zake hazifanani na usikubali mtu akuambie "zote ni VETA tu". Mtoto mwenye one anayependa ufundi, mara nyingi (sio mara zote) kiatu chake ni hiyo njia ya pili. Na ndo ambayo familia inairuka, baba anavuta chuo kikuu mtoto anavuta VETA, wanagombana mwezi mzima wakati katikati kuna kitu hawajakiangalia.

3. Akienda ufundi ndo basi tena, chuo kikuu hatakiona?

Hapana. Mwenye diploma yenye GPA ya 3.0 na kuendelea, na olevo ina ufaulu wa masomo manne, anaomba digrii kama kawaida, ndo nilivyoingia mimi. Piga hesabu: diploma mitatu plus digrii minne ni saba, yule wa advansi anatumia sita. Umechelewa mwaka mmoja, lakini katikati una diploma mkononi na ukikwama ada mwaka wa pili wa digrii wewe una kitu cha kula, mwenzako ana cheti cha form six.

Ukitokea VETA safari ni ndefu zaidi, vyuo vingi vinamkubali mwenye NVA ngazi ya tatu aanze na cheti cha technical kwanza. Hapa ndo nasisitiza: kile cheti cha form four hakiozi. Ukiwa na one yako hata ukakaa VETA miaka miwili ukabadili mawazo, unakichukua kabatini unaombea diploma. Wanaoteseka ni walioingia VETA wakiwa na D mbili, sio wewe.

4. Maamuzi yanafanyika lini? Maana tumeambiwa tumeshachelewa

Mtihani Novemba, matokeo Januari, form five wanaripoti Julai. Kabla TAMISEMI hawajatoa uchaguzi huwa kuna kipindi mtoto anaruhusiwa kubadili machaguo yake kwenye mfumo, na kumbuka uchaguzi ule ule ndo unapanga form five NA vyuo vya kati, kwahiyo kupangiwa chuo sio adhabu, kuna waliochagua wenyewe. VETA kozi ndefu zinaanza Januari na fomu zinatoka mwaka unaotangulia, hao ukisubiri matokeo ndo uombe unakuta nafasi zimeisha.

Na hiyo miezi kati ya Desemba na Julai msiiache ipite kwenye simu, soma swali la 6.

## KICHWA NA MIKONO

5. Ufundi si ni wa waliofeli?

Hii imani imetuharibia mafundi nchi nzima. Tumewapeleka waliofeli kwa miaka alafu tunalalamika fundi maiko (fundi wa kubahatisha) kaharibu nyumba.

Ngoja nikupe mfano wa juzi tu. Mteja kanunua jiko la umeme la kilowati 7, fundi kamvutia waya wa 2.5 ule wa soketi. Saba elfu gawa kwa volti 230 unapata kama ampea 30, ule waya hauna kifua hicho, unachemka ndani ya ukuta taratibu, siku moja unasikia harufu. Hiyo hesabu ni ya form three, kanuni ya P sawa na VI, fundi aliyekimbia fizikia hawezi kuifanya au anaifanya kwa kubahatisha. Magari ndo usiseme, gari za sasa zina kompyuta, bila kusoma mashine ya kupima na kuelewa sensa gani inadanganya utabadilisha vipuri vya mteja mpaka afilisike. Friji na AC kuna presha, kuna joto, kuna gesi za aina tofauti ambazo huwezi kuchanganya. Kiwandani mitambo inaendeshwa na programu.

Kwahiyo mwenye akili akiingia ufundi hapotezi akili, anakuta ushindani mdogo. Nakuambia ukweli, fundi anayeweza kusoma mchoro, kuandika makadirio yanayoeleweka na kupokea simu ya mteja kwa adabu, huyo hana msimu wa njaa mrefu.

6. Nitajuaje kama kweli napenda ufundi au napenda tu wazo la kuacha shule?

Swali zuri mdogo wangu na afadhali umeuliza mwenyewe. Nenda kafanye kazi miezi mitatu kabla ya Julai. Tafuta gereji, karakana ya alminiamu, fundi umeme wa mtaani, yeyote anayeheshimika, mwambie nataka kuwa saidia fundi, hela sio shida, nipe ya nauli na chakula. Wiki ya kwanza utafagia na kutumwa maji ya kunywa, ya pili utashika spana, mwezi wa pili ukiwa umepanda darini saa saba mchana bati linachoma mgongo na vumbi la jipsamu puani ndo utajua.

Nilishampokea kijana mmoja alikua na one kali, siku ya tano hakurudi, wala sikumlaumu, yupo PCB sasa na anaendelea vizuri. Mwingine alikua anaulizia kila kitu, kwanini hii nyekundu kwanini hii bluu, jioni anachora saketi kwenye daftari. Huyo hata baba yake alipokuja kumchukua alikaa nje ya karakana nusu saa akimwangalia, akaondoka bila kusema neno.

Kama baada ya miezi mitatu unachokikumbuka ni kwamba hukua unafanya mtihani, basi we umechoka shule tu, pumzika alafu nenda advansi. Kama unakumbuka kazi, sawa.

7. Fani gani ina soko?

Kila mtu anataka nimtajie moja. Angalia kinachojengwa: treni ya SGR inafanya kazi Dar mpaka Dodoma tangu 2024, inakwenda kwa umeme, inataka watu wa umeme na mitambo. Bwawa la Nyerere la kufua umeme, megawati 2,115. Bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga ni kilomita 1,443, na bomba ni vipande vinavyounganishwa kwa kuchomelea, na kule haingii mchomeleaji wa mageti, anaingia aliyepimwa akapewa cheti cha weldingi ya mabomba.

Ila miradi mikubwa inaisha. Ukichagua fani kwa ajili ya mradi, mradi ukifungwa unabaki na overoli. Chagua kitu ambacho hata mtaani kwenu kinahitajika alafu mradi uwe bahati: umeme, friji na AC, maji na mabomba, magari, weldingi. Ushonaji na upishi navyo vizuri tu, sema mi siwezi kukushauri nisichokijua.

## HELA

8. Ipi inakula hela kidogo?

VETA za serikali ada imekua shilingi 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni, hiyo ni ndogo kiasi kwamba watu hawaamini. Kinachouma ni vinavyozunguka: overoli, viatu vya kazi, vifaa vya mazoezi, nauli, chakula, pango kama chuo kipo mbali na nafasi za bweni zimejaa. Vyuo binafsi bei wanapanga wao, uliza YOTE kabla, sio ada tu.

Advansi ya serikali ada ilifutwa kuanzia 2022, ila kuna godoro, tranka, michango, nauli ya kwenda mkoani maana utapangiwa Tabora na we upo Tanga. Chuo kikuu ndo mzigo, ndo maana kuna bodi ya mikopo (swali la 10).

9. Fundi anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Nijibu kwa namba

Hamna mwezi kwenye ufundi, hilo ndo jibu, na ndo kitu kinachowavunja watoto wa waajiriwa waliozoea tarehe 25.

Nikupe mfano wa kukadiria tu. Umekubaliana laki sita kuweka umeme nyumba ya vyumba vitatu, kazi siku kumi. Vijana wawili kila mmoja 15,000 kwa siku, hapo laki tatu imeondoka. Nauli na chakula, toa kama elfu 60. Umebaki na laki mbili na arobaini, na mteja kalipa nusu, nusu nyingine "nikipata" na unaweza kuisubiri mpaka Pasaka. Alafu ikaja wiki mbili huna simu hata moja. Masika ikianza ujenzi unalala. Desemba watu wanarudi Moshi, Bukoba, wanataka nyumba ziwe tayari kabla ya Krismasi, hapo unalala masaa manne.

Fundi aliyejipanga mwaka mzima anaweza kumpita mwenye digrii aliyeajiriwa, nawajua. Na nawajua wenye mikono ya dhahabu wanaokopa unga dukani, kwasababu kazi ikilipwa wanakula yote. Tofauti yao haipo kwenye spana, ipo kwenye daftari la hesabu, na hapa tena yule mtoto wa B ya hesabu anashinda. Ukiwa mwenyewe hamna mwajiri wa kukukatia NSSF, jiandikishe kama mchangiaji binafsi, na bima ya afya, usingoje udondoke kwenye ngazi.

10. Mkopo wa bodi ni deni baya? Na wa ufundi wanapata?

Bodi ya Mikopo ipo kwa sheria ya 2004, inalenga elimu ya juu, siku hizi wapo na wa diploma kwenye fani za kipaumbele, angalia mwongozo wa mwaka wako maana fani zinabadilika. Kozi za NVA za VETA hazimo, ila na ada yenyewe umeiona.

Kuhusu kulipa: ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara wa msingi. Ukipokea laki nane ni 120,000 kila mwezi. Uliyejiajiri nawe unadaiwa, deni halijui kama una ofisi au una karakana. Zamani kulikua na ile tozo ya 6% ya kulinda thamani, deni linakua kila mwaka watu wanalia, ilifutwa 2021, kwahiyo stori za kaka yako za "deni halipungui" ni za enzi zile.

Sio deni baya kama digrii unayoisomea unaijua ya nini. Ni baya ukikopa miaka mitatu kusomea kitu ulichochaguliwa na mfumo kwakua chaguo lako la kwanza lilijaa, na hao ni wengi sana, ukiwauliza "unasoma nini" wanajibu kwa kuinama.

11. Nikimaliza ufundi mtaji wa vifaa natoa wapi?

Usinunue vyote. Anza na mfuko mmoja: tesita, plaisi, bisibisi, mita ya kupimia, hivyo vya umeme unaanza navyo kwa hela ya saidia fundi. Drili ya kukodi, ngazi ya kuazima. Mchomeleaji ana shida zaidi, mashine na grinda ni hela, wengi wanaanza kwa kukodi siku mbili mbili kwenye karakana ya mtu.

Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Ni ya vikundi hasa, na kikundi kinachofanya kazi kweli ni cha watu waliosoma pamoja, sio kilichoundwa wiki ya kuchukua fomu. Mtego wake ni huo huo, mmoja akila hela mnadaiwa wote.

## NYUMBANI

12. Baba hataki kusikia, anasema sijamlipia shule uje kuwa fundi

Mzee wako haogopi ufundi, anaogopa kukuona kijiweni. Fundi anaowajua yeye ni wale wanaokuja wamelewa, wanadai advansi (ya hela, sio ya shule) na kuzima simu. Usibishane nae kwa maneno, na usimletee video za mtandaoni za mtu aliyetajirika kwa weldingi.

Mpelekee vitu vitatu. Karatasi yenye njia ya pili ya swali la 2 na ile ngazi ya swali la 3, aone kwamba digrii bado ipo mbele. Ripoti ya miezi mitatu ya karakana, yaani fundi wako mwenyewe aje amwambie "mzee, kijana wako anafaa". Na muda, mwambie tukubaliane mpaka mwaka wa kwanza wa chuo uishe. Kama mzee hasikii mtoto, mtume mjomba au shangazi anayemheshimu, ndo kazi yao hiyo.

Na ikishindikana kabisa? Nenda advansi, chukua PCM, likizo zote rudi karakana. Hujapotea. Kugombana na baba ukiwa na miaka 17 na huna hata mita yako ya kupimia, hapana.

13. Mimi ni msichana, nitaweza? Naogopa kuwa peke yangu darasani

Utaweza, na ndio, kwenye baadhi ya fani mtakua wachache. Nguvu sio tatizo kubwa kama watu wanavyosema, hata sisi nondo tunabeba wawili. Wachomeleaji wa kike niliofanya nao kazi mshono wao unatulia kuliko wetu, hawana haraka ya kuonyesha.

Tatizo la kweli liseme: choo saiti hakuna, vicheko, na wapo mafundi wakubwa wenye tabia za ovyo kwa wanafunzi wa fildi (mafunzo ya vitendo kazini). Kwahiyo sehemu ya fildi chagua kwa kuuliza wasichana waliotangulia, sio ilipo karibu na nyumbani. Nenda na mwenzako mkiweza. Na mtu akikugusa, ripoti chuoni siku hiyo hiyo kwa maandishi, usingoje fildi iishe ukihofia alama.

Wateja kuna faida, dada mwenye nyumba akiwa peke yake na watoto anapenda fundi wa kike aingie chumbani kwake kuliko mimi. Mwenzangu mmoja kajenga jina mtaa mzima kwa hiyo tu.

14. Watu watasemaje?

Watasema. Alafu pampu ya kisima ikigoma Jumapili watakupigia.

## KUJIFUNZIA MTAANI, LESENI, KUSAFIRI

15. Si nijifunzie tu gereji kwa fundi, chuo cha nini?

Gereji inafundisha kasi, kuongea na mteja, na ujanja wa kutatua bila vifaa. Haifundishi kwanini. Fundi wako akikosea miaka 20 na wewe unarithi kosa kama urithi wa shamba. Na vyuo vina shida kinyume chake, wanafunzi 30 kwenye injini moja. Kwahiyo chuo na likizo za gereji, vyote. VETA kuna kozi za mfumo wa uanagenzi pacha, unagawanya muda kati ya chuo na kampuni, ukipata nafasi kwenye fani yako hiyo chukua usiulize mara mbili.

Walioshajifunzia mtaani miaka hawana haja ya kuanza upya, VETA wanapima ujuzi ulioupata nje ya chuo na kukupa cheti, wenyewe wanaita urasimishaji ujuzi. Mpelekee taarifa kaka yako wa gereji.

16. Leseni ni lazima?

Kwa umeme ndio. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndo wanatoa leseni za kufunga mifumo ya umeme, na zina madaraja kutokana na elimu na uzoefu. TANESCO kuunganisha nyumba wanataka fomu yenye mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, ndo maana mtaani unakuta mtu anafanya kazi yote alafu anakwenda kununua mhuri wa mwenzake. Ukikamatwa hivyo we uliyenunua mhuri ndo unayeitwa kishoka, fundi asiye na leseni, hata kama kazi yako safi, na nyumba ikiungua aliyeuza mhuri anakukana mchana kweupe. Daraja linapanda na cheti, kwahiyo hapa diploma inakulipa moja kwa moja. Fani nyingine uliza chuo chako, sio zote zina leseni.

17. Nikishapata cheti naweza kwenda Uarabuni?

Wapo waliokwenda Oman, Qatar na Emirates kama mafundi. Wanachoangalia kule ni cheti, uzoefu wa miaka kadhaa na Kiingereza cha kuelewa maelekezo ya usalama, na wengi wanakupima kwa vitendo kabla ya kusaini. Pita kwa wakala aliyesajiliwa, kitengo cha serikali cha huduma za ajira ndo pa kuanzia kuuliza. Mtu anayetaka milioni mbili kwanza na paspoti yako abaki nayo, kimbia. Na mtoto wa miaka 18 asiyekua na uzoefu wowote kule sio fundi, ni kibarua kwenye jua la digrii 45.

## KESI NGUMU

18. Nina one lakini hesabu nimepata F

Inatokea, mtu kachapa masomo ya sanaa. Technical za uhandisi zitakua ngumu, nyingi zinataka hesabu imepita. Una njia mbili: rudia mtihani wa hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea huku unajifunza karakana, au ingia fani za VETA ambazo hazikubani hapo. Ila jiulize, ukichukia hesabu kweli, umeme utauchukia pia. Rudi swali la 5 uangalie ule mfano wa jiko kama umekusisimua au umekuboa.

19. Nipo chuo kikuu mwaka wa pili, nataka kuacha niende ufundi

Usipotee kimyakimya. Nasema kwa herufi kubwa USIPOTEE. Watu wanaacha kuhudhuria, wanapata supu (mitihani ya marudio), wanadisko (wanaondolewa chuo kwa kufeli), alafu rekodi inabaki mbaya na mkopo waliokwisha kula unabaki vilevile, hauishi kwa kuacha chuo. Andika barua ya kuahirisha mwaka, chuo kina utaratibu wake, kafanye karakana huo mwaka, ukirudi umerudi, usiporudi umetoka kwa heshima.

Na kama umebakiza mwaka mmoja, maliza bwana. Hata kama unachukia. Alafu soma linalofuata.

20. Nina digrii, miaka mitatu sina kazi, nikienda VETA sio aibu?

Utakutana na wenzako, siku hizi darasani kuna mpaka wenye digrii mbili. Kozi fupi za miezi michache zinakutosha kwa kuanza kama tayari una fizikia ya kichwani. Shida yenu wenye digrii sio kujifunza, ni kukubali kutumwa na fundi wa darasa la saba mwenye umri wa mdogo wako. Ukiweza hilo miezi sita ya mwanzo, uandishi wako wa makadirio na barua pepe utakufanya bosi wake ndani ya miaka michache, na mkiwa waungwana mtakua washirika.

21. Mimi nipo Unguja, haya yote yananihusu?

Mawazo ndio, ofisi hapana. Kwenu mafunzo yapo chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, sio VETA, technical yenu ni Taasisi ya Karume pale Mbweni, na mkopo mna bodi yenu ya Zanzibar. Wengi wanavuka kusoma Dar na vyeti vinatambulika, ila nauli ya boti iweke kwenye bajeti mapema.

22. Mdogo wangu yupo darasa la sita, na ile sera mpya ya amali inabadili nini?

Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka mikondo miwili sekondari, ule wa kawaida na ule wa amali, ambapo mtoto anasoma olevo huku anajifunza ufundi, na shule za kwanza zimeanza 2024. Maana yake mdogo wako atakutana na swali hili la humu akiwa na miaka 13, sio 17. Hapo mzazi ndo aangalie sana kama shule ya amali aliyopangiwa ina karakana yenye vifaa na mwalimu wa fani, au ina kibao tu getini. Nenda mwenyewe ukaangalie. Omba ufunguliwe karakana, shika mashine, kama ina vumbi la mwaka mzima umeshapata jibu.

23. Mwanangu kaenda advansi kwa kulazimishwa, kafaulu vizuri, sasa kagoma kuomba chuo, yupo JKT, akitoka nifanyeje?

Mama, kwanza pole. JKT ya mujibu wa sheria ni miezi michache, atarudi na akili imetulia na atakua kashaamka saa kumi alfajiri mara nyingi kuliko wewe. Usimpokee na fomu ya TCU mezani siku ya kwanza. Mpikie.

Alafu muulize fani gani, sio chuo gani. Form six aliyefaulu PCM hapotezi kitu akiomba diploma technical, na dirisha la digrii mwaka unaofuata lipo palepale na matokeo yake yaleyale. Mpe mwaka huo mmoja kwa masharti: asubuhi atoke nyumbani aende karakana au chuo, jioni arudi na hadithi ya alichofanya. Akilala mpaka saa nne siku tatu mfululizo, hapo una haki ya kuileta ile fomu.